Mtoni au Maruhubi? Mimi kura yangu iko Mtoni

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, ingawa mtaona wenyewe huko mbele kwamba hata ukiikimbia, yenyewe inakufuata.

Swali limekuja hivi. Kuna jamaa zangu watatu, tulisoma wote Mlimani, wamepata siku moja ya kupumzika na wameamua kuitumia Unguja. Siku moja tu. Boti ya kwanza ya asubuhi kwenda, boti ya mwisho ya jioni kurudi, kesho yake kila mtu ofisini kwake. Ufukweni hawataki, eti mchanga hata Kigamboni upo. Mji Mkongwe wameshauzunguka mpaka paka wanawajua. Safari hii wanataka kuona jumba la kifalme, moja, walione vizuri, wale urojo, warudi. Wakaniuliza: twende Mtoni au Maruhubi?

Wameniuliza mimi kwa sababu gazeti limeshanituma kule mara kadhaa, na kila nikimaliza kazi ya wakubwa huwa natoroka kidogo kwenda kutazama magofu. Nikawajibu kwa ujumbe wa simu, neno moja: Mtoni. Wakaja juu! Kila aliyewahi kwenda amewaambia Maruhubi ndiyo penyewe, nguzo zile bwana, picha zile. Nikaona neno moja halitoshi. Na kwa kuwa najua hawa si watu watatu tu wenye swali hili, ngoja nilijibu hadharani.

Kwanza, kwa wasiojua tunazungumzia nini. Ukitoka mjini kwa barabara ya kwenda Bububu, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto, baada ya kilomita kama nne unafika Maruhubi. Ukiendelea mbele kidogo unafika Mtoni. Yote mawili yalikuwa majumba ya masultani wa Unguja, yote mawili leo ni magofu, na yote mawili yako nje ya Mji Mkongwe, ndiyo maana wageni wengi huyapita kwa kasi wakielekea Nungwi bila hata kugeuza shingo. Mtoni ndilo jumba la zamani zaidi. Lilijengwa na Seyyid Said bin Sultan kati ya mwaka 1828, alipofika Unguja kwa mara ya kwanza, na mwaka 1834. Maruhubi ilijengwa na mwanawe, Seyyid Barghash, kati ya mwaka 1880 na 1882. Baba na mwana, jirani na jirani.

Sasa mtauliza, kama ni jirani hivyo kwa nini tusiende kote? Swali zuri. Mimi nasema pigeni hesabu. Boti ni kama saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Toeni foleni ya bandarini, toeni chakula, toeni sala kwa wanaosali, toeni na ule muda wa kumsubiri mwenzenu anayenunua viungo vya kumpelekea mama mkwe. Mnabaki na saa tatu, nne zikizidi. Mkizigawa katikati mtapata dakika arobaini hapa na dakika arobaini pale, mpige picha, mpande gari, mkirudi Dar mseme mmeona. Hamjaona. Gofu si kama jumba zima lenye samani ambalo lenyewe linakuonyesha kila kitu. Gofu linataka ukae, utulie, ujengee paa kichwani mwako, uweke watu ndani. Kwa hiyo chagueni moja mlipe muda wake, hilo jingine mlione kupitia dirishani.

Nianze kwa kuitendea haki Maruhubi, maana sitaki mtu aseme nimepakazia.

Kwa macho, Maruhubi inashinda. Hilo sibishani na mtu. Jumba lenyewe liliungua mwaka 1899, mbao zote zikaisha, lakini zile nguzo nene za mawe zilizokuwa zimebeba roshani kubwa zimebaki zimesimama kwa mistari, kama gwaride ambalo afande ameondoka akasahau kulivunja. Kuna hamamu yake, kuna mabaki ya mfereji uliokuwa unaleta maji, kuna miti mikubwa ya kivuli, na bahari iko pale pale na madau yake. Barghash hakuwa mtu wa mambo madogo. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, na akarudi akiwa na mawazo tele. Ndiye aliyeleta maji safi ya bomba mjini. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa pale Mkunazini uliwekwa saini na yeye, tena huku manowari za Waingereza zikimtisha. Ni mtu wa kusomwa, sikatai.

Tatizo langu na Maruhubi si Barghash wala nguzo zake. Tatizo langu ni namba.

Ukifika pale, kabla hujatoa hata maji kwenye begi, utaambiwa namba tisini na tisa. Sultani alijenga jumba hili kwa ajili ya masuria wake tisini na tisa! Mara ya kwanza nilipokwenda, tulikuwa kundi la watu kama kumi na wawili, wengi vijana wa umri wangu, wasomi, watu wa ofisini. Mtembeza wageni aliitaja namba ile kwa ufundi wa mtu anayejua mahali pa kupumzika ili watu wacheke. Watu wakacheka. Jamaa mmoja akauliza alikuwa anawamudu vipi. Wakacheka zaidi. Mwingine akasema yeye mmoja tu anamtoa jasho. Kicheko tena. Tukaonyeshwa hamamu, ikaja hadithi nyingine ya kuogea, kicheko, picha, safari imekwisha.

Simlaumu yule kijana. Anatafuta riziki yake, na kama wageni wanacheka ndipo bakshishi inapotoka, atawachekesha. Kinachonikera ni sisi tuliocheka. Hivi tunajua suria alikuwa nani? Suria si mke wa pili, si mchumba, si hawara. Suria ni mwanamke mtumwa ambaye bwana wake amemweka kinyumba. Alinunuliwa, au alitolewa zawadi kama inavyotolewa saa ya mkononi. Hakuulizwa. Kwa sheria ya dini, akizaa mtoto na bwana wake, mtoto huyo ni huru na ana haki zake kamili, na mama mwenyewe hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Haya yote ni kweli, na watetezi wa mambo ya kale hupenda kuyataja. Lakini ili ufike huko, lazima kwanza uwe umeshauzwa.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa pale Maruhubi. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897. Mnakumbuka shuleni tulivyoandika kwenye madaftari? Lakini amri ile iliwaacha masuria nje. Wao walihesabiwa kama wake, na suria aliyetaka kuondoka ilimpasa aonyeshe kwamba anafanyiwa ukatili. Walisubiri mpaka mwaka 1909. Yaani mwaka 1899 jumba la Maruhubi lilipoteketea, Barghash mwenyewe akiwa ameshafariki miaka kumi na moja nyuma, sheria ya kumtoa suria wa Unguja ilikuwa bado miaka kumi. Nguzo zile tunazoegemea kupiga picha zilishakuwa gofu kabla wanawake wa aina ya wale waliokaa ndani yake hawajapewa ruhusa ya kuondoka majumbani kwa hiari yao.

Sasa mtu akishakuambia hilo, utacheka?

Ndiyo maana nasema Maruhubi kwa mgeni wa siku moja ni mahali pa hatari. Namna inavyosimuliwa, imebaki namba tupu. Hakuna jina hata moja. Hakuambiwi kwamba mmoja alitoka wapi, mwingine alikuwa na umri gani, huyu aliimba, yule alilia. Tisini na tisa, basi. Na namba tupu ni rahisi sana kuigeuza mzaha.

Twende Mtoni sasa.

Mtoni haina nguzo za kujipanga. Ina kuta ndefu zisizo na paa, ua mkubwa katikati, milango isiyokuwa na milango, na mabaki ya hamamu. Mtu mwenye haraka atasema ni kuta tu. Lakini pale kuna kitu ambacho Maruhubi haina na haitakuwa nacho kamwe: kuna mtu aliyezaliwa mle ndani ambaye aliandika. Tena ni mwanamke, na mama yake alikuwa suria.

Namzungumzia Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Wengi mnalijua jina lake la baadaye, Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na sura za mwanzo zinakutembeza ndani ya jumba lile chumba kwa chumba. Anakwambia ua ule ulikuwa umejaa tausi, swala, bata, hata mbuni, na watoto walikuwa wanawawinda mayai wayapeleke kwa mpishi mkuu. Anakwambia mto ulikuwa unapita palepale na kujaza mabwawa ya kuogea, ndiyo asili ya jina. Anakwambia kulikuwa na baraza la mviringo upande wa bahari ambako baba yake alipenda kutembea huku na huku peke yake, akichechemea kwa sababu ya risasi ya zamani iliyokuwa pajani. Anakwambia nyumba ile ilikuwa na watu wapatao elfu moja. Elfu moja, ndugu zangu! Hicho ni kijiji kizima. Na juu ya wote alikuwepo Bibi Azza binti Seif, mke mkuu wa Seyyid Said, ambaye hakuzaa, lakini nyumba nzima ilimwogopa. Seyyid Said alipofariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai, na wote mama zao walikuwa masuria. Mama yake Salme ni mmoja wa mama hao.

Huyo mama ndiye sababu ya mimi kupiga kura yangu Mtoni. Aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa kule milima ya Kaukasi. Binti yake anasimulia kwamba Jilfidan alikuwa mtoto mdogo vita ilipofika kwao. Familia ikajificha chini ya ardhi, ikagunduliwa, wazazi wakauawa, watoto watatu wakachukuliwa na wapanda farasi watatu, kila mmoja na wake. Kaka na dada wa Jilfidan wakatokomea na hakuwaona tena maisha yake yote. Alipofika kwenye nyumba ya Seyyid Said alikuwa na miaka kama saba au minane. Binti yake alijuaje? Kwa sababu Jilfidan aling'oka jino lake la kwanza la utoto akiwa tayari yumo katika nyumba ile.

Naomba usome tena sentensi hiyo ya jino. Mimi nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mtoto aliyeng'oka jino la kwanza. Nina mpwa wangu wa umri huo, akiguswa tu jino linalocheza anakimbilia kwa mama yake. Huyu angekimbilia kwa nani? Salme anasema mama yake alilelewa vizuri, akacheza na kusoma pamoja na mabinti wa Sultani waliolingana naye umri. Sawa. Lakini mwisho wa malezi hayo alikuwa suria wa baba wa wachezaji wenzake.

Sasa beba jino hilo, simama katikati ya ua wa Mtoni, halafu jaribu kusema "tisini na tisa" ucheke. Huwezi. Ndiyo tofauti ya majumba haya mawili. Moja limebaki na namba, jingine limebaki na shahidi.

Na shahidi mwenyewe hakupewa kalamu na mtu. Wakati ule watoto wa kike walifundishwa kusoma, kuandika ilikuwa mwiko kwao. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Ujuzi huo wa wizi ndio uliomwingiza kwenye siasa (si niliwaambia inatufuata?). Mwaka 1859, akiwa na miaka kama kumi na tano, alikuwa mwandishi wa barua wa kundi la kaka yake lililotaka kumpindua kaka yao mwingine, Seyyid Majid. Na huyo kaka aliyekuwa anaandikiwa barua ni nani? Ni Barghash! Mwenye Maruhubi! Jaribio likashindwa, Waingereza wakaingilia, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866 Salme akatoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza akiwa mjamzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakaoana Aden, wakaenda Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ya watu. Mwaka huo huo wa 1870 Barghash akapata kiti cha usultani. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na meli za Wajerumani, akitarajia haki yake ya urithi. Barghash, aliyeandikiwa barua na mkono ule ule, akakataa kumtambua. Wajerumani nao walipokwisha kumtumia katika mipango yao, hawakuwa na shida naye tena. Alifariki Jena mwaka 1924.

Kwa hiyo mkipita Maruhubi garini mkielekea Mtoni, mnapita nyumba ya kaka mkielekea nyumba alikozaliwa dada. Mkilijua hilo, hata kile mtakachokiona dirishani kitakuwa na maana.

Najua kuna msomaji mmoja hapo tayari ananyoosha kidole. Anasema, wewe kijana unatuletea binti mfalme kana kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge. Hapana, sisemi hivyo. Salme alikuwa binti wa Sultani na aliwahi kuwa na shamba na watumwa wake mwenyewe. Katika kitabu chake kuna sura nzima kuhusu utumwa, na anautetea. Anasema Wazungu wametia chumvi, anasema mambo kuhusu watu weusi ambayo ukiyasoma leo damu inachemka. Yule yule aliyeandika kuhusu jino la mama yake hakuona kwamba kila mtumwa wa Kimakonde au Kinyasa aliyekuwa akifagia ua ule naye alikuwa na mama na jino la kwanza. Katika wale watu elfu moja wa Mtoni, waliopewa majina na sura katika kitabu ni wa upande wa juu. Waliobeba maji wamebaki wengi wasio na majina.

Basi hiyo nayo ni sababu ya kwenda Mtoni, si ya kuacha. Shahidi mwongo mnaweza kumshika kwa maneno yake. Shahidi anayependelea mnaweza kumhoji. Namba ya tisini na tisa mtaihoji vipi? Pale Mtoni mnaweza kusimama mkabishana kama watu wazima: huyu mwanamke aliona nini, hakutaka kuona nini, na sisi leo wenye wasichana wa kazi majumbani tunaowaita kwa "we!" badala ya jina, hatutaki kuona nini? Hilo la mwisho mtalimalizia kwenye boti.

Msomaji wa pili, huyu mara nyingi ni mwana Unguja mwenyewe, ana hoja nzito zaidi. Anasema: majumba ya masultani ya nini? Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifanyika kwa sababu zake, na babu zetu ndio waliobeba mawe yale. Acha yaanguke. Nimeshaambiwa hivyo na mzee mmoja, kwa upole lakini bila kupepesa macho. Alikuwa akiniita "mwanangu", nami nilimwitikia kwa heshima zote, ila sikubaliani naye, na sababu ni ile aliyoitaja yeye. Kama babu zake ndio waliobeba mawe, basi mawe yale ni kazi ya babu zake. Yakianguka, Sultani hapotezi kitu, alishaondoka zamani. Anayepoteza ni mjukuu wa aliyebeba, maana ushahidi pekee wa jasho la babu yake ulikuwa ule ukuta. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, waliokufa pale hawakuwa masultani. Walikuwa watu wawili waliokuwa kazini. Jiwe la kifalme, hata likianguka, linamwangukia mfanyakazi.

Kwa hiyo ndugu zangu watatu, na wengine wote wenye siku moja, ushauri wangu kwa vitendo ni huu. Shukeni botini, msizunguke, kuleni kitu chepesi. Ulizeni gari za Bububu, mtaonyeshwa na kila mtu. Mwambieni utingo mapema kwamba mnashuka Mtoni, maana gari zile hazina subira na anayefikiri mara mbili. Vaeni kwa heshima, ile ni Unguja na njiani kuna nyumba za watu. Piteni Maruhubi kwa macho, mkifika Mtoni ingieni uani, mkae chini ya kivuli. Mmoja wenu awe amesoma angalau zile sura za mwanzo za kitabu, awasimulie wenzake palepale. Tafuteni hamamu ilipokuwa, tafuteni upande aliokuwa akitembea mzee yule mwenye risasi pajani. Saa moja na nusu itaisha bila nyinyi kujua.

Mtembeza wageni akiwepo, mpeni kazi na mlipeni vizuri. Lakini muulizeni majina. Waliokaa hapa walikuwa wanaitwa nani? Walitoka wapi? Maruhubi hapo jirani ndiko kilipo chuo cha utalii, ambacho siku hizi ni sehemu ya SUZA, na vijana wanaosoma pale ndio watakaosimulia magofu haya kwa miaka thelathini ijayo. Watasimulia kile ambacho sisi wageni tunakiulizia na kukilipia. Tukilipia kicheko, watatuuzia kicheko. Tukiuliza majina, watakwenda kuyatafuta, na siku moja hata Maruhubi itapata majina yake. Siku hiyo nitabadilisha kura yangu hadharani, nawaahidi.

Na yule anayenunua viungo, mwambieni anunue wakati wa kurudi. Karafuu nazo zina historia yake palepale Mtoni. Eneo lile, kabla ya Seyyid Said, lilikuwa la Mwarabu mmoja aitwaye Saleh bin Haramil, ambaye ndiye anayetajwa kuwa aliileta mikarafuu Unguja, na baadaye akanyang'anywa mali yake. Lakini hiyo ni habari ndefu, nikianza nayo boti itawaacha.

Wasalaam.